Jioni moja Venice na mke mjamzito, Novemba: tuanzie wapi, tuishie wapi?

Mzawa wa Pangani

Salamu wakuu. Mimi na mke wangu tunafika Venice kwa treni kutoka Munich Ijumaa tarehe 20 Novemba 2026 na tunaondoka Jumapili asubuhi. Hoteli iko Cannaregio, dakika tano kwa mguu kutoka stesheni ya Santa Lucia. Jioni ya Ijumaa tunataka kutembea wawili tu, bila kiongozi wa watalii, taratibu. Tuone mji wa kale, tule kidogo, turudi kulala kabla ya saa sita usiku.

Mama ana ujauzito wa miezi mitano. Anatembea vizuri, ila ngazi nyingi mfululizo zinamchosha, na choo anakihitaji mara kwa mara. Pombe hatunywi, nguruwe hatuli.

Naomba kujua: njia ipi ina madaraja machache? Hayo mafuriko ya Novemba yanayosemwa ni ya kuogopa? Chakula gani kitatufaa? Na gondola inafaa usiku, au ni kutupa pesa?

---

Mkaazi wa Mestre

Karibu mkuu. Anza na jambo moja ambalo ramani ya simu haikwambii: stesheni, hoteli yako na uwanja wa San Marco vyote viko upande mmoja wa Mfereji Mkuu. Huna haja ya kuuvuka hata mara moja. Madaraja yatakayobaki ni yale madogo ya mifereji ya ndani, ngazi kumi au kumi na tano kupanda, kisha kushuka.

Tarehe hizo jua linazama kama saa kumi na nusu alasiri, kwa hiyo "jioni" yenu inaanza mapema. Tokeni hotelini saa kumi. Shikeni barabara ya Lista di Spagna mkiiacha stesheni nyuma, mpaka Ponte delle Guglie, daraja lenye minara minne iliyochongoka kwenye pembe zake. Mkishavuka, geukeni kushoto mfuate ukingo wa mfereji hatua chache, muangalie kulia: kuna mlango mfupi unaopita chini ya nyumba, kwa Kiveneti sotoportego. Wengi wanaupita bila kuuona. Huo ndio mlango wa Ghetto.

Hapa ndipo neno lenyewe "ghetto" lilipoanzia. Mwaka 1516 serikali ya Venice iliamuru Wayahudi wote waishi kwenye kisiwa hiki kidogo, malango yakifungwa usiku, na ikawa hivyo hadi 1797. Simameni katikati ya uwanja wake, Campo del Ghetto Nuovo (campo ni uwanja), muhesabu madirisha kwenda juu. Nyumba zina ghorofa saba, nyingine nane, wakati mji mwingine wote una tatu au nne, na madirisha yamebanana kwa sababu dari ni fupi. Watu waliongezeka na ardhi haikuongezeka, wakajenga kwenda juu. Ijumaa jua likishazama Sabato inaanza: maduka ya Kiyahudi yatakuwa yamefungwa na watu watakuwa wanakwenda sala. Msiwapige picha. Walinzi wenye silaha mtakaowaona pale ni wa kila siku.

Tokeni uwanjani kwa daraja la chuma la upande wa kaskazini, mgeuke kulia. Hapo mko Fondamenta degli Ormesini, ambayo mbele inabadilika jina kuwa Fondamenta della Misericordia. (Ormesini ni vitambaa vya hariri vilivyochukua jina la Hormuz, ile ya Ghuba.) Ni njia iliyonyooka kando ya maji, imejaa vibanda vya kula, na wenyeji ni wengi kuliko wageni. Kaeni hapo mle.

Baada ya hapo shukeni kusini hadi Strada Nova, barabara pana iliyofunguliwa karne ya 19, muifuate hadi Campo Santi Apostoli, kisha San Giovanni Crisostomo, kisha Campo San Bartolomeo. Daraja la Rialto liko hapo kulia. Pandeni mpaka juu tu, mtazame, mrudi upande mliotokea. Kisha njia za maduka ziitwazo Mercerie hadi San Marco. Jumla ni kama kilomita tatu. Mama akichoka kabla ya Rialto, kituo cha boti cha Ca' d'Oro kiko hatua chache kutoka Strada Nova, na boti namba 1 inarudi Ferrovia, yaani stesheni.

---

Dada wa Dorsoduro

Njia ya kaka hapo juu ni nzuri, ila mimi ningeigeuza. Saa kumi alasiri pandeni boti namba 1 Ferrovia kwenda San Marco. Safari ni kama dakika arobaini kwa sababu inasimama kila kituo, na mtaupita Mfereji Mkuu wote wakati mwanga unageuka. Usiku majumba mengi yale yanakuwa giza tupu, hayakaliwi, na hamtaona kitu. Wageni wa siku moja muda huo wanakimbilia stesheni, kwa hiyo boti za kuelekea kwao ndizo zinazojaa hadi mlangoni. Za kwenda San Marco zina nafasi. Kisha mrudi kwa miguu mkielekea hotelini kwenu.

Tiketi ni yuro 9.50 kwa dakika 75. Ya saa 24 ni yuro 25, na mkipanda mara tatu ndani ya saa hizo 24, imeshajilipa. Kila mnapoingia kituoni igongesheni kwenye mashine hata kama ni tiketi ya saa 24. Mkaguzi akikuta haijagongwa anaandika faini, na kusema hukujua hakusaidii.

---

Mkaazi wa Mestre

Dada, hoja ya mwanga nakubaliana nayo kabisa. Shida ni mwisho wa safari. Mwenye mimba ya miezi mitano akifika saa tatu usiku anataka kukaa, siyo kubakiwa na kilomita tatu na madaraja. Na San Marco saa kumi na moja jioni bado ina umati. Ukifika saa tatu unasikia viatu vyako mwenyewe.

---

Dada wa Dorsoduro

Basi wachanganye. Kwenda kwa boti alasiri, wapite San Marco bila kukaa, watembee kurudi hadi Misericordia kula, hapo hotelini ni karibu. San Marco ya usiku waiweke Jumamosi. Jumamosi yenyewe ina jambo lake, na nashangaa hakuna aliyeligusa.

Tarehe 21 Novemba ni sikukuu ya Madonna della Salute. Mwaka 1630 tauni iliufagia mji huu, na serikali ikaweka nadhiri ya kujenga kanisa ugonjwa ukiondoka. Ndilo lile kanisa jeupe la kuba kubwa kwenye mdomo wa Mfereji Mkuu, kazi ya Baldassare Longhena. Kila mwaka siku hiyo hutandazwa daraja la muda juu ya Mfereji Mkuu kutoka upande wa Santa Maria del Giglio, na watu wa Venice wanavuka kwa miguu, bibi na wajukuu, kila mmoja na mshumaa wa kuwasha kuombea afya. Hii ni siku yao wenyewe, siyo maonyesho ya watalii. Wasio Wakristo wanavuka pia na hakuna anayewauliza kitu. Nyuma ya kanisa kuna vibanda vya pipi, karanga za sukari na maandazi ya kukaanga. Maandazi hayo muulize kwanza yamekaangwa kwa mafuta gani, maana mengine hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe.

Chakula cha siku hiyo ni castradina, mchuzi wa nyama ya kondoo iliyotiwa chumvi na kukaushwa, inapikwa muda mrefu na kabichi. Migahawa mingi huipika siku hizo tu. Kwa familia isiyokula nguruwe ni bahati, lakini muulize kama supu ya msingi haikuwekwa mfupa mwingine.

Nendeni saa kumi alasiri au baada ya saa moja usiku. Katikati hapo msongamano ni mkubwa na mtasogea kwa hatua nusu.

---

Nahodha wa Kizimkazi

Kijana wangu, hayo ya mafuriko nikueleze kwa lugha ya pwani, maana umetoka Pangani utanielewa.

Bahari ya Adriatic ina maji kujaa na maji kupwa kama kwetu, mara mbili kwa siku, ila madogo. Kwetu bamvua linapanda na kushuka mita tatu na zaidi. Venice ni kama mita moja tu. Kwa hiyo mwezi peke yake hauwezi kuuzamisha mji ule. Kinachouzamisha ni upepo wa scirocco unaovuma kutoka kusini mashariki na kuyasukuma maji yote kuja kwenye kona ya kaskazini, ambako hayana pa kutokea. Scirocco kali likikutana na mgandamizo mdogo wa hewa, ndiyo yanatokea yale ya tarehe 4 Novemba 1966, sentimita 194, na likikutana na bamvua pia, yale ya tarehe 12 Novemba 2019, sentimita 187.

Sasa tarehe zenu. Mwezi mpevu ni tarehe 24. Robo ya kwanza ni tarehe 17. Ijumaa tarehe 20 ndiyo kwanza mmetoka kwenye maji mafu, bamvua bado. Upande wa mwezi mko salama. Kinachobaki kuangalia ni upepo, na huo anza kuufuatilia siku mbili kabla kwenye utabiri wa manispaa, unaotolewa kwa sentimita na kwa saa.

Namna ya kuzisoma namba hizo: kipimo kinachukuliwa Punta della Salute, na sifuri yake ni usawa wa bahari wa mwaka 1897, siyo sakafu ya mji. Uwanja wa San Marco uko chini kuliko sehemu nyingine, unaanza kulowa maji yakifika kama 80 hadi 90. Tangu Oktoba 2020 wana milango ya chuma chini ya bahari, MOSE, vipande 78 kwenye midomo mitatu ya wangwa, inayoinuliwa utabiri ukifika 110. Hapo wengi wanakosea. Wanasema MOSE ipo, basi maji hakuna. Kati ya 80 na 110 milango hainuliwi na San Marco inaweza kulowa kama kawaida, wakati Cannaregio kwenu kwa sehemu kubwa ni kukavu.

Maji hayaji kwa wimbi. Angalia matundu ya kupitishia maji ya mvua kwenye sakafu ya uwanja: yanaanza kung'aa, kisha maji yanachungulia kutoka chini, yanajaza mabonde ya mawe polepole. Ukiyaona hayo una muda wa kutosha kuondoka. Na kama ilivyo kwetu, yakishafika juu yanapwa. Baada ya saa tatu nne njia imefunguka.

Viatu vya mpira msinunue mapema. Yakizidi, vinauzwa mlangoni mwa kila duka. Cha maana zaidi ni soli. Kila ngazi ya daraja ina ukingo wa jiwe jeupe la Istria. Usiku ukingo huo unakusaidia kuiona ngazi, lakini ukungu ukishuka jiwe lile linateleza kama sabuni. Mama avae soli ya mpira yenye meno, ashuke kando akishika ukuta wa daraja. Zile ngazi zinazoingia majini, zenye ukijani, asizikanyage kabisa hata kwa picha.

---

Mpishi wa Padova

Habari za chakula. Vibanda vya Misericordia mnavyoambiwa huitwa bacaro, na vitafunio vyake ni cicchetti: kipande cha mkate au polenta na kitu juu yake. Kimoja kimoja ni kama yuro mbili hadi tatu na nusu, vimepangwa kwenye kabati la kioo, unaonyesha kwa kidole. Ukisimama kaunta unalipa bei hiyo. Ukikaa mezani mara nyingi kunaongezwa coperto, pesa ya kiti kwa kila kichwa, na imeandikwa kwenye menyu. Kwa shemeji lipeni hiyo coperto, mkae.

Polenta ni ugali. Tena Venice kwa samaki wanapenda ile nyeupe, ya mahindi meupe. Mtajiona nyumbani.

Vya kula bila wasiwasi: baccalà mantecato, samaki mkavu wa bahari za kaskazini aliyechemshwa na kupigwa kwa mafuta ya zeituni hadi awe laini kama siagi. Sarde in saor, dagaa wakubwa waliokaangwa kisha kulazwa kwenye vitunguu vilivyopikwa na siki, zabibu kavu na mbegu za msonobari. Hiyo ilikuwa akiba ya mabaharia, siki inazuia kuoza. Moscardini, pweza wadogo wa kuchemsha. Vitunguu na artichoki.

Vya kuepuka: prosciutto, salame, speck, mortadella, soppressa, pancetta, cotechino, vyote ni nguruwe. Polpette ni vibonge vya kukaanga, vya nyama mara nyingi vina mchanganyiko, hivyo ulizieni "C'è maiale?" yaani, kuna nguruwe? Kwa mjamzito mwenyewe aache crudo, samaki mbichi, na tiramisu, kwa sababu ya mayai mabichi. Na asidanganywe na spritz: rangi yake ni kama soda ya chungwa lakini ina pombe. Aseme "analcolico", yaani bila pombe, kabla hajaagiza.

Muda: wenyeji wanakula cicchetti kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku. Kuanzia hapo vioo vinaanza kubaki vitupu. Migahawa ya kukaa, jiko hufungwa kama saa nne, kwa hiyo msifike saa nne kasoro mkitegemea kupikiwa.

Choo: vyoo vya umma ni yuro 1.50 na vingi hufungwa jioni. Tumieni cha stesheni kabla ya kuanza, kisha mkinunua kahawa au chai popote, choo cha pale ni haki yenu. Msingoje hadi haja ibane, maana kati ya Santi Apostoli na San Marco maduka mengi ni ya nguo na vioo, hayana choo cha mteja.

---

Dada wa Dorsoduro

Gondola naijibu mimi. Bei imepangwa na manispaa: mchana yuro 90 kwa dakika 30, kuanzia saa moja usiku yuro 110 kwa dakika 35. Ni bei ya gondola nzima, abiria hadi 5, siyo ya kichwa. Kubalianeni muda na njia kabla ya kukanyaga ndani, na muombe mifereji midogo, maana kwenye Mfereji Mkuu mawimbi ya maboti yanaitikisa. Novemba usiku unakaa chini karibu na maji, baridi inapanda mgongoni. Jumamosi saa sita mchana itamfaa mama zaidi. Akiingia, ampe mwendeshaji mkono, akanyage katikati, akae mara moja. Gondola imejengwa kushoto ikiwa pana kuliko kulia kwa sentimita 24 ili isizunguke kwa kasia moja, kwa hiyo bila abiria inalala upande. Ni umbo lake, haijaharibika.

Na mkipita maduka ya shanga usiku, simameni kwenye dirisha moja. Karne ya 19 shanga za Venice zilipelekwa kwa marobota Zanzibar, na kutoka pale zikaingia bara mabegani mwa wapagazi. Zile nyekundu ziliitwa sami-sami. Za kununua leo, tafuta alama ya Vetro Artistico Murano, yaani kioo cha kisiwa cha Murano. Yenye bei ya yuro mbili haikutoka Murano.

---

Mzawa wa Pangani

Asanteni sana, na shikamoo Nahodha. Nimeamua: Ijumaa boti alasiri hadi San Marco, kurudi kwa miguu hadi Misericordia, kula, kulala. Jumamosi mchana gondola, usiku daraja la Salute halafu San Marco tulivu, kurudi kwa boti. Mawili yamebaki. Tukipotea vichochoroni tufanyeje? Na boti ya kurudi usiku tunaipandia wapi?

---

Mkaazi wa Mestre

Kupotea kupo, kwa sababu kuta ndefu zinaichanganya simu, itakuonyesha uko uchochoro wa pili. Usiifuate alama ya buluu, soma kuta. Majina yameandikwa kwa rangi nyeusi ndani ya mstatili mweupe, wenyeji wanauita nizioleto, kishuka. Neno likiwa "corte", ni uani, hakuna kutokea. Likiwa "ramo", ni tawi fupi na linaweza kuishia majini. "Calle" kwa kawaida inapita, ila nyingine nazo zinaishia kwenye maji bila ukuta, kwa hiyo usiku msitembee mkitazama simu. Juu zaidi kuna mabango ya njano: Per Rialto, Per S. Marco, Alla Ferrovia. Hayo ndiyo ya kufuata. Mkikuta mishale miwili inayoelekea pande mbili kwa jina moja, njia zote mbili zinafika.

Namba ya nyumba haitawasaidia. Namba zinahesabiwa kwa wilaya nzima, siyo kwa mtaa, na Castello peke yake inapita 6,000. Hifadhini jina la campo lililo karibu na hoteli, na mkimuuliza mtu, mtajieni hilo.

Mkiwa San Marco Jumamosi usiku tazameni Mnara wa Saa, wa mwaka 1499. Uso wake una saa 24. Zamani Italia saa zilianza kuhesabiwa jua linapozama. Mswahili anayesema "saa moja usiku" hahitaji kufafanuliwa. Juu, sanamu mbili za shaba nyeusi zinagonga kengele kila saa. Mikahawa ya uwanjani yenye bendi inatoza nyongeza ya muziki kwa kila aliyekaa, imeandikwa kwenye menyu. Kusikiliza mkiwa mmesimama ni bure. Kukaa kwenye ngazi za uwanja ni marufuku, kuna faini.

Boti: nendeni kituo cha San Marco Vallaresso, upande wa magharibi wa uwanja. Kuna majukwaa zaidi ya moja. Someni ubao wa taa: namba 1 yenye "P.le Roma" ndiyo yenu, inasimama Ferrovia. Yenye "Lido" inaenda kinyume kabisa. Saa kwenye ubao ni za Kizungu, 21:40 ni saa tatu na dakika arobaini usiku. Ikikaribia saa sita usiku namba 1 inakwisha na boti ya usiku, N, inachukua nafasi, ila inakuja kwa nadra. Namba 1 ikiwa na viti vya nje mbele, mama akae ndani upande wa kulia. Ndiko liliko jumba la kale la Ca' d'Oro.